Mbuzi ya Bibi na Mashine Zisizo na Waya

Nianze na kosa lenyewe, nisije nikaambiwa nimelificha. Nilipiga skrubu nne kwenye mbao kavu, ya miaka arubaini na zaidi, bila ya kutoboa matundu kwanza. Basi. Hilo ndilo kosa, na fundi yeyote atakwambia hivyo hivyo. Kwamba mbao yenyewe ilikuwa ya mbuzi ya bibi yangu ya kukunia nazi, na kwamba skrubu zilikuwa za kufungia magurudumu ya kiti kibovu cha ofisi, na kwamba nilikusudia kuipanda mbuzi hiyo nikateleze nayo kwenye ukumbi wetu wa marumaru, simu ikinirikodi kutoka juu ya kabati la vyombo, hayo ni mambo ya pembeni.

Skrubu ya kwanza iliingia vizuri. Ya pili nayo. Ya tatu ilitoa kijisauti, kama mtu anayekohoa msikitini na hataki asikike. Ya nne ikaipasua mbao kutoka mwanzo hadi mwisho, kwa utulivu kabisa, kama mtu anayefungua barua.

Nikabaki nimekaa chini, kipande cha mbuzi mkono huu na kipande mkono huu, na ule ulimi wa chuma wenye meno ukinitazama kutoka kwenye zulia. Video ninayo mpaka leo. Darasani kwetu wameiona wote.

Sasa, mbuzi ile bibi alikuja nayo hapa Maskati kutoka Unguja, ameifunga ndani ya khanga mbili. Tuna blenda hapa nyumbani, na madukani tui la kopo limejaa rafu nzima, lakini bibi anasema tui la kopo lina ladha ya kopo. Kila Ijumaa asubuhi huikunjua mbuzi yake jikoni, hukaa, hukuna nazi kumi, na ndipo wali wa mchana unapopatikana. Watu wa ukoo wetu huja kutoka Seeb na Mawaleh kwa ajili ya wali huo, ingawa wanasema wamekuja kutujulia hali. Siku niliyoipasua mbuzi ilikuwa Jumanne.

Lakini aliyekuwa hatarini si bibi, wala si mimi. Alikuwa baba.

Baba alistaafu wizarani mwaka jana. Miezi miwili ya mwanzo alikuwa akimfuata mama nyumba nzima akimfunza namna ya kukunja taulo, kazi ambayo mama anaifanya tangu kabla hawajaoana. Mara alishika kalamu akachora ramani ya friji: maziwa yakae wapi, mayai yakae wapi. Mama alimwambia, kwa upole wa kutisha, atafute cha kufanya. Baba akaenda Wadi Kabir kununua drili moja ya betri, ya kutundikia picha. Akarudi na drili, mashine ya kukazia skrubu, msumeno, mashine ya kupigia msasa na kipulizio cha kupeperushia vumbi. Zote rangi moja, kwa sababu, alinieleza kama mtu anayeeleza nguzo za dini, betri ya rangi hii haiingii kwenye mashine ya rangi ile, kwa hivyo mtu akishachagua rangi yake ndiyo imekwisha, hana pa kukimbilia.

Uzuri wa mashine hizi ni kwamba hazina waya. Baba hulisema hilo kwa kila mgeni. Anachoacha kusema ni kwamba chaja zake zina waya, na chaja ziko tatu. Na kwa kuwa banda la gari, ambalo ndilo karakana yake, hushika joto kiasi cha kukaangia yai, chaja haziwezi kukaa huko. Zinataka ubaridi. Kwa hivyo zimehamia jikoni, pahala pa blenda ya mama na birika la chai. Asubuhi mama akitaka maji ya moto lazima achomoe betri, na baba akiingia akakuta betri imechomolewa huvuta pumzi ndefu kama aliyefiwa.

Vumbi la mbao limeingia kwenye mapazia. Dishdasha za baba, kanzu zake, zinanuka mbao ya msaji. Mama alivumilia mpaka siku aliyokuta maranda ndani ya unga wa ngano, na siku hiyo akatoa hukumu mbele yetu sote, bibi akiwa shahidi:

"Siku kitu kimoja cha nyumba hii, kimoja tu, kitakapovunjwa na hizo mashine, zote zinakwenda kwa ndugu yako kule Barka. Na chaja zake."

Ami yangu wa Barka ni mtu mzuri sana, lakini kitu kikiingia kwake hakitoki.

Baba aliitika. Na tangu siku hiyo alikuwa anafanya kazi kama mtu anayechukua bilauri iliyojaa. Nilimsikia akiimba kule bandani, kwa sauti ndogo, jambo ambalo sikumbuki kulisikia miaka yote ya wizara. Alitengeneza rafu iliyoegemea upande mmoja na kigoda cha kuogea ambacho hakuna aliyekikalia mara mbili. Alikuwa na raha zake.

Ndiyo maana nilipokwenda bandani na vipande viwili vya mbuzi, nilikwenda polepole.

Baba alivitazama. Akavigeuza. Akavileta karibu na miwani.

"Ulitoboa kwanza?" aliuliza.

"La, baba."

"Skrubu nene hivi, mbao kavu hivi, hukutoboa?"

"Sikutoboa."

Akatikisa kichwa kwa huzuni ya kitaalamu. Ikapita kama nusu dakika ndipo akakumbuka mbao ile ilikuwa ya nini, na ya nani, na mashine iliyofanya kazi ile ilikuwa ya nani. Niliiona rangi ikimtoka usoni.

"Mamako yuko wapi?"

"Kazini."

"Bibi?"

"Kalala."

Baba akaifunika mbuzi kwa turubai la gari. Kisha akasema neno ambalo sikutarajia kulisikia kwa mtu aliyewahi kuwa na saini ya serikali: "Tuna siku mbili. Hapana mtu kujua."

Nilimwuliza kwa nini tusitie gundi tu. Akasema gundi itashika, lakini bibi atauona ufa, na bibi akiuona mama atausikia. Hapana, tutatengeneza mpya, tutahamisha ulimi wa zamani, na tutampa kama zawadi. Zawadi haina upelelezi. Nikasema wallahi baba, ulipotea bure wizarani.

Jumatano, nilipotoka skuli, tukaenda Wadi Kabir. Katika duka la mashine baba hununua kila kitu kwa muuzaji mmoja, Mkenya wa Kilifi, kwa sababu ndiye pekee mle anayezungumza naye Kiswahili, na baba akizungumza Kiswahili hawezi kutoka mikono mitupu.

"Karibu mzee wangu," alisema yule muuzaji. "Ile drili bado inakusumbua ama mmekuwa marafiki?"

"Tumekuwa ndugu," alisema baba. "Leo nnataka keke ndogo za kutobolea, na skrubu za shaba. Natengeneza mbuzi."

Muuzaji akacheka mpaka akaegemea kabati. "Mbuzi ya nazi? Hapa Maskati? Mzee, umenirudisha kwa mamangu. Mbao gani?"

"Msaji."

"Basi toboa kwanza. Ukipiga skrubu hivi hivi itapasuka. Lakini kosa kama hilo hufanywa na watoto."

Baba alinitazama. Mimi nikatazama bei za misumeno.

Baba akamwonyesha muuzaji mchoro wake kwenye simu. Hakutaka kuiga ile ya zamani, ya kukunja, yenye mbao mbili zinazopishana. Alisema ile ni fikra ya kizamani na inakula nafasi. Yake ilikuwa na ubao mmoja wa kukalia, mwembamba, uliochongwa vizuri, na miguu miwili tu, mmoja mbele na mmoja nyuma. Ilionekana kama farasi wa mbio. Mimi mwenyewe niliipenda, na nilikuwa na hamu ya kuitia magurudumu, lakini nilinyamaza.

Muuzaji aliutazama mchoro kwa muda. "Iko smati," alisema. "Lakini mwenye kuikalia mmempima?"

"Vipimo vyote tunavyo," alisema baba, na akamtolea kifaa chake cha kupimia kwa mwanga mwekundu, akampimia urefu wa duka lake.

Alhamisi ndiyo tuliyofanya kazi. Saa tisa mchana, bandani, jua la mwezi wa tano. Baba alikata, mimi nikashika. Baba akatoboa, mimi nikapuliza vumbi. Nilipoomba nami nitoboe, alinikabidhi drili kwa uangalifu wa mtu anayemkabidhi mwenziwe mtoto mchanga, akanisimamia mgongoni akihesabu kwa sauti. Tundu moja. Mawili. Yalikuwa matundu mazuri, na nasema hivi bila ya majivuno, ingawa majivuno yapo.

Kisha betri ikafa. Tukaichukua ya pili, ikatoa mwanga mwekundu, ikafa. Ya tatu tuliitia kwenye chaja, chaja ikawa inapepesa tu, haitaki kuchaji. Baba akasoma kitabu chake. Betri ina joto, kitabu kilisema, isubiriwe ipoe. Ipoe wapi, Maskati, mwezi wa tano, kitabu hakikusema.

"Friza," nilisema.

"Kitabu kinakataza friza."

"Baina ya sambusa na nguru tu, dakika tano."

"Nimesema kinakataza."

Tukazipeleka betri tatu sebuleni, tukazipanga juu ya mto chini ya kiyoyozi. Bibi alikuwa pale anatazama tamthilia yake ya Kituruki iliyotiwa Kiarabu. Akazitazama betri. Akatutazama sisi, tulivyojaa vumbi la mbao hadi kwenye nyusi.

"Hao nao wana nini?"

"Wana homa, bibi," nilisema.

"Wapeni panadoli," alisema, akarudi kwenye tamthilia. Lakini nilipogeuka mlangoni nilimwona anatazama mikono ya baba, iliyokuwa na doa la kutu ya chuma cha zamani.

Magharibi ilipokaribia mbuzi ilikuwa imekwisha. Wallahi ilikuwa nzuri. Baba aliipiga msasa mara tatu, wa mwisho laini kama karatasi, akaipaka mafuta, na ulimi wa bibi uking'ara mbele yake kama jino la dhahabu. Ikabaki kuijaribu. Baba akaipanda, mguu huku na mguu huku, akakamata nazi ya kufikirika, akakuna hewa. Haikutikisika. Nikaipanda mimi, mguu huku na mguu huku, nikajirusha juu chini. Haikutikisika. Baba akanambia nijifanye nimeshika usukani wa pikipiki, nikashika, nikanguruma. Haikutikisika.

"Imara," alisema baba.

"Imara kabisa," nilisema.

Wanaume wawili, wasiowahi kukuna nazi hata nusu, tukapeana mikono.

Ijumaa asubuhi mama alitoka mapema kwenda Mutrah kufuata samaki. Bibi akaingia jikoni, akavuta mlango wa kabati linamokaa mbuzi yake, akakuta ufagio. Baba alikuwa amesimama pale pale, amevaa dishdasha safi kama siku ya Idi.

"Mama," alisema, "tumekutengenezea mpya."

Huyu baba, niseme wazi, ni mkwe wa bibi. Miaka ishirini na mbili anakaa naye nyumba moja, na bado akizungumza naye huwa kama mtu anayeomba pasipoti.

Bibi akaitazama ile mbuzi. Akaupitisha mkono juu ya ubao. Akaugusa ulimi.

"Chuma hiki nakijua," alisema. "Na ubao wake uko wapi?"

Baba akakung'uta mkono wa dishdasha yake. Mimi nikasema, "Umepumzika, bibi."

"Aliyeupumzisha nani?"

Nikanyoosha kidole juu, kama darasani. Bibi akavuta pumzi kwa pua, akasema yallah, tutazungumza wali ukiiva, nipe nazi. Akaweka sinia chini ya ulimi, akakusanya khanga yake, akakaa.

Akakaa upande.

Sijui niliishi vipi miaka kumi na sita ndani ya nyumba ile bila ya kuliona. Kila Ijumaa bibi hukaa mbuzi upande, magoti pamoja, miguu yote miwili imeelekea dirishani, mwili umegeuka kidogo kuuelekea ulimi. Wanawake wote wa kwetu hukaa hivyo. Hakuna hata mmoja anayepanda mbuzi kama polisi wa pikipiki. Na sisi tulikuwa tumemchongea mbuzi ya polisi wa pikipiki.

Ile mbuzi ya farasi wa mbio ikaegama taratibu, kwa adabu, ikalala. Bibi akaenda nayo kinyumenyume, nazi mkononi, akaishia amekaa juu ya gunia la mchele la kilo arubaini lililokuwa nyuma yake. Sinia likalia kama kengele ya skuli.

Baba alitoa sauti ambayo siwezi kuiandika.

"Mama! Umeumia? Umeumia, mama?"

Bibi alikuwa amekaa juu ya gunia, wima, kama aliyewekewa kiti cha heshima. Nazi hakuiachia. Aliitazama mbuzi iliyolala, kisha akamtazama baba.

"Nani kaijaribu hii?"

"Mimi, mama. Na huyu."

"Hebu kaa, nikuone."

Baba, na dishdasha yake ya Ijumaa, akaisimamisha mbuzi, akapanda mguu huku na mguu huku. Bibi akaanza kucheka. Alicheka bila ya sauti kwanza, mabega tu, kisha sauti ikatoka, akajifuta macho kwa ncha ya khanga.

"Loo, mwanangu! Unakwenda nayo wapi? Sohar?"

Mimi nilicheka mpaka nikashika friji. Baba hakucheka. Alishuka, akasimama, akaitazama kazi yake ya siku mbili, na nikamwona anaufikia mwisho wa hesabu: mama atarudi, nazi hazijakunwa, mbuzi ya zamani imepasuka, mpya imemwangusha mamake mzazi, na Barka ni mwendo wa saa moja tu. Akasema kwa sauti ndogo, "Basi. Nitazipakia mimi mwenyewe kwenye gari, asipate taabu ya kusema." Na akaanza kuzichomoa chaja, moja moja, akizungusha waya zake vizuri.

Bibi akaacha kucheka.

"Ala! Nazi zangu nani atazikuna?" alisema. "Rudisha hizo. Niletee ile bunduki yako ya skrubu. Na mguu huu wa nyuma, nataka mwengine kama huo, ukae hivi." Akaonyesha kwa mkono, kukingama. "Upande ninaoegemea. Mguu wa mbuzi hautazami njia, unamtazama aliyekaa."

Nikakimbilia bandani. Kilichobaki kilikuwa kipande kimoja cha msaji, na betri moja tu iliyojaa, lakini hapo ndipo nilipofahamu kwa nini watu hununua mashine zisizo na waya: karakana nzima niliibeba mikononi mpaka jikoni kwa safari moja. Baba akapima, akakata juu ya ndoo iliyopinduliwa, vumbi likaingia kwenye vitunguu. Bibi akaamrisha kutoka kwenye gunia lake kama nahodha. Kushoto. Hapana, kushoto kwangu. Baba akatoboa. Na ilipofika zamu ya kukaza, bibi akanyoosha mkono.

"Nipe na mie."

"Mama, ina nguvu."

"Nimekuna nazi miaka sitini. Nipe."

Akaishika kwa mikono miwili, akaibana skrubu, akabonyeza. Mashine ikanguruma, skrubu ikazama hadi kichwani, na uso wa bibi ukawa ni wa msichana aliyepewa baiskeli.

"Ziko ngapi tena?" aliuliza.

Ni hapo mama alipoingia, na mfuko wa samaki. Akamwona mamake juu ya gunia, mashine mkononi. Akamwona mumewe amepiga magoti kwenye maranda. Akaniona mimi. Akaiona mbuzi mpya, na mama si mtu wa kuhitaji maelezo marefu.

"Ya zamani nani kaivunja?" alisema.

"Mie," nilisema. "Kwa mashine ya baba. Sikutoboa kwanza."

Mama akanitazama, kisha akamtazama baba. Baba hakuinua kichwa. Bibi akapiga skrubu ya mwisho, trrr, kama anayetia nukta, akasimama, akaiweka mbuzi chini, akakaa upande, akakuna. Nazi iliyokunwa ikashuka kwenye sinia, nyeupe, laini, na mbuzi haikutikisika. Bibi akanyanyuka, akampisha mama. Mama akaweka samaki kwenye sinki, akanawa mikono, naye akakaa, magoti pamoja. Akakuna kifuu kizima mpaka kikabaki kikavu. Akajitikisa kushoto, akajitikisa kulia. Sisi wanaume tukasubiri.

Kisha mama akamwambia baba, na haya ndiyo maneno yake, sikupunguza wala sikuongeza:

"Haya, huyu mwanao atakuna nazi kila Ijumaa, na atakaa upande, kama watu. Mashine haziendi Barka. Nnataka kabati la viatu, nnataka rafu tatu za stoo, na mlango wa bafu la juu unakwama tokea Ramadhani. Na mpaka vyote hivyo vimalizike, hapana mtu wa kuniambia kastaafu."